Imani na Gorogoro

Wahenga walisema nyani haoni kundule, huliona la mwenziwe. Methali hii nimeitumia katika insha nyingi tangu nikiwa darasa la sita, na kila mara mwalimu ameiwekea alama ya vyema kwa kalamu nyekundu. Kumbe mtu anaweza kuijua methali kwa kichwa na bado akawa yeye ndiye nyani anayesemwa. Nataka kuwasimulia jinsi nilivyokuwa nyani huyo, tena nikiwa nimeokoka, tena nikiwa na Biblia mkononi.

Niliokoka nikiwa Kidato cha Kwanza, katika mkutano wa injili uliofanyika hapa mjini Kitale. Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha na uwanja ulikuwa matope matupu, lakini nilipiga magoti papo hapo na sare yangu ya shule. Tangu siku hiyo nilishika wokovu kwa mikono miwili. Shule yetu ni ya kutwa, kwa hivyo nilikuwa natoka kwetu Matisi kiza kikiwa bado kimetanda ili nifike mapema tuombe kabla ya masomo ya asubuhi. Jumatano na Ijumaa nilikuwa nafunga. Kesha likitangazwa, mimi ndiye niliyeandikisha jina la kwanza. Nikiongoza maombi katika Umoja wa Wakristo, wenzangu walisema vioo vya madirisha vinatetemeka. Wakanibandika jina, wakaniita Moto. Nami sikukasirika. Kusema kweli, jina hilo nililipenda sana.

Muhula mmoja tulipata mgeni aliyetufundisha juu ya watu wa Afrika Mashariki walioishika imani yao mpaka kifo. Alitusimulia habari za mashahidi wa Uganda, vijana wa jumba la Kabaka Mwanga, ambao wengi wao walichomwa moto pale Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Mmoja wao, Kizito, alikuwa na umri wa miaka kama 14 tu, mdogo hata kuniliko. Kisha akatueleza juu ya Janani Luwum, mwana wa Acholi, aliyeokoka mwaka wa 1948 na kuwa Askofu Mkuu mwaka wa 1974. Yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Rais Idi Amin barua ya kupinga mauaji ya raia. Februari mwaka wa 1977 alikamatwa, akauawa. Serikali ikatangaza eti ni ajali ya gari.

Niliposikia hayo machozi yalinitiririka njia mbili mbili. Nilisimama mbele ya wote nikasema kwa sauti kwamba hata mimi niko tayari kufa kwa ajili ya Yesu, leo, hata saa hii. Watu wakapiga makofi. Nilikuwa na miaka 15, na kwa hakika niliamini kila neno nililolisema.

Sasa niwaeleze kuhusu gorogoro.

Mtu yeyote wa Trans Nzoia au Bungoma anajua gorogoro ni nini. Ni ule mkebe wa mafuta ya kupikia wa kilo mbili, ambao mafuta yakiisha hugeuka kuwa kipimo cha mahindi, maharagwe na wimbi. Wilaya yetu ya zamani, ambayo siku hizi ni kaunti, huitwa ghala la Kenya, na kweli magunia ya mahindi hutoka hapa kwa malori. Lakini mwananchi wa kawaida wa Matisi au Tuwan hanunui gunia. Hununua gorogoro moja, akaipeleka posho mill, ikawa ugali wa siku mbili. Mama yangu hufanya biashara hiyo. Hununua magunia kwa wakulima, huyafungua sokoni, halafu huuza kwa gorogoro. Hutulea sisi watoto watatu peke yake kwa kazi hiyo.

Ukienda sokoni, angalia tako la mkebe. Mingi imegongwa kwa jiwe mpaka tako likaingia ndani, kama tumbo la mtu mwenye njaa. Ukiutazama kutoka juu huoni kitu, mahindi yanafurika vizuri hata yanamwagika. Lakini chini kuna nafasi isiyokuwa na mahindi. Mwaka wa 2024, mwezi wa Juni, nikiwa Kidato cha Pili, niliuchukua mkebe wa mama nikajaza mahindi na kuyapeleka kwa duka moja lenye mizani. Ikasoma kilo moja na gramu 800. Jioni nikafanya hesabu nyuma ya daftari la Biashara. Gunia la kilo 90 likipimwa kwa mkebe mzima hutoa gorogoro 45. Likipimwa kwa mkebe wa mama hutoa 50. Hizo tano ni za hewa. Juni ni mwezi wa njaa, mahindi ya mwaka jana yameisha na mapya bado yako shambani, na gorogoro ilikuwa shilingi 100. Kwa hivyo kila gunia lilileta shilingi 500 za hewa. Mama alikuwa akiuza magunia matatu kwa juma.

Kilichonifanya nipime ni jambo lililotokea Jumamosi moja. Nilikuwa nimeketi juu ya gunia tupu nikisoma, mama akiuza. Akaja nyanya mmoja, mkongwe, amejifunga leso kiunoni. Alinunua gorogoro mbili. Baada ya kumiminiwa kwa mfuko, akatoa mkebe wake mwenyewe kutoka kwa kikapu na kuanza kupima upya, polepole, pale pale mbele ya watu. Ya kwanza ilijaa. Ya pili haikujaa.

“Mama,” akauliza kwa upole, “hii yako ni gorogoro ama ni kikombe?”

“Nyanya, hapa soko yote ni hivyo,” mama akajibu bila kumwangalia. “Kama hutaki, rudisha.”

Yule nyanya hakurudisha. Alifunga mfuko wake akaenda. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Sikusema neno lolote kwa mama, wala kwa yule nyanya. Nilifunga kitabu tu.

Ijumaa iliyofuata, katika mkutano wetu wa saa ya chakula cha mchana, kiongozi aliuliza ni nani ana ombi. Nikainua mkono. Nikasema, kwa sauti yangu ile ya kutetemesha madirisha, kwamba naomba wapendwa waniombee, kwa sababu mzazi wangu anafanya biashara ya udanganyifu, anawapunja maskini kwa gorogoro iliyobonyezwa, na mimi kama mtoto wa Mungu siwezi kunyamazia giza. Wakaniombea sana. Wengine waliniwekea mikono kichwani. Nilirudi darasani nikijisikia mwepesi kama unyoya.

Lakini kumbukeni kwamba shule yetu ni ya kutwa. Maneno yanayosemwa saa saba mchana darasani, saa kumi na moja jioni yako sokoni. Mwanafunzi mmoja wa kundi letu mama yake huuza sukuma wiki, meza mbili tu kutoka kwa mama yangu. Sitamlaumu. Aliulizwa nyumbani C.U. ilikuwaje, akaeleza ilivyokuwa.

Jumatatu jioni nilimkuta mama ameketi jikoni gizani, moto umezimika.

“Leo nimeambiwa sokoni ati mimi ni mwizi,” alisema. “Nikauliza nani amesema. Nikaambiwa ni mtoto wako mwenyewe, amekuombea.”

“Mama, mimi nilisema tu wakuombee ili Mungu...”

“Ulisema na watu kabla hujasema na mimi. Mimi niko hapa kila siku. Tunalala nyumba moja. Ulishindwa kuniambia?”

Nikanyamaza.

“Na hiyo chakula unakulanga huko shuleni, ukishiba unaenda kuomba, unafikiri inalipwa na nini? Inalipwa na maombi?”

Hakunichapa. Afadhali angenichapa. Alifunika sufuria akaingia kulala. Na mimi, wasomaji wapenzi, mnajua niliwaza nini usiku huo? Niliwaza kwamba nimeteswa kwa ajili ya imani. Nilijiona kama wale vijana wa Namugongo. Niliandika katika daftari langu la maombi kwamba adui za mtu ni watu wa nyumbani mwake. Kwa siku kadhaa nikawa sili chakula cha mama, nikidai kwamba nimefunga. Wadogo wangu walikuwa wakinitazama kwa woga. Mama naye hakuniambia neno ila la lazima: chota maji, funga mlango, washa taa. Nyumba yetu ilikuwa baridi kuliko Mlima Elgon.

Shule zilipofungwa mwezi wa Agosti, mama alinipa nauli, akaniambia niende Bungoma nimsaidie Kukhu kuvuna. Kukhu ndiye mama mzazi wa mama yangu na anaishi karibu na Lugulu. Nilijua ananiondoa nyumbani tu. Nikapanda matatu, tukapita Kiminini, tukapita Kamukuywa. Mwaka huo ulikuwa mwaka wa tohara kwa Wabukusu, maana kwetu wavulana hupashwa tohara Agosti ya kila mwaka unaogawanyika kwa mbili. Mara mbili gari letu lilisimamishwa na umati wa watu wakiimba na kucheza, mvulana katikati akipiga njuga zake. Niliwatazama nikawaona wote ni watu wa giza. Ndivyo nilivyokuwa siku hizo, nikihukumu kila kitu kupitia dirisha la matatu.

Kukhu ni mshirika wa Kanisa la Marafiki, ambao watu wengi huwaita Wakweka. Usiku wa kwanza niliomba kwa nguvu kama kawaida yangu, nikitembea huku na huku chumbani. Kukhu akagonga ukuta. “Mjukuu wangu,” akasema, “Mungu wa hapa Lugulu hana ugonjwa wa masikio.” Nilikasirika moyoni. Nikasema huyu naye imani yake imepoa.

Jumapili tulienda kanisani. Nyimbo zilikuwepo na mahubiri pia, kama makanisa mengine. Lakini ulifika wakati ambapo waliketi kimya. Hakuna ngoma, hakuna kinanda, hakuna mtu wa kusema haleluya. Kimya tu. Mimi sikuwahi kukaa kimya mbele za Mungu hata dakika mbili. Nilijaribu kukumbuka mistari ya Biblia, haikuja. Kilichokuja masikioni mwangu ni ile sauti ya mahindi yakimiminwa ndani ya mkebe, shwaaa, halafu sauti ya yule nyanya akiuliza kama ni gorogoro ama ni kikombe. Nilitoka pale jasho limenilowesha.

Siku ya Jumatano tulikuwa tumeketi uani tukipukuchua mahindi. Kukhu akaniambia, “Sasa nieleze. Mama yako ameniambia upande wake.”

Nikamweleza yote, mkebe, mizani, hesabu ya shilingi 500, ombi langu, na jinsi mama alivyokasirika. Nilieleza vizuri, kwa mpango, kama mtu anayetoa ushuhuda. Kukhu alisikiliza huku vidole vyake vikiendelea kupukuchua.

“Na Jumamosi,” akauliza, “mama yako akienda kutafuta magunia kwa wakulima, nani hubaki akipima?”

Vidole vyangu vikasimama.

“Ni mimi, Kukhu.”

“Tangu lini?”

“Tangu darasa la saba.”

“Na ulikuwa unapima na mkebe gani?”

Nililia. Ni kweli, wasomaji. Jambo hili sikuwaambia hapo mwanzo kwa sababu hata mimi mwenyewe nilikuwa sijajiambia. Nilikuwa nimepima kwa mkebe ule ule miaka mitatu. Nilijua hata ujanja wa kumimina kwa mkono uliolegea ili mahindi yakae na hewa, halafu kupanguza juu haraka kabla kastoma hajautikisa mkebe. Baada ya kuokoka niliendelea kupima. Niliendelea kupima Jumamosi na Jumapili nikaimba. Nilipotaja dhambi mbele ya C.U. nilitaja ya mama peke yake, na yangu nikaiacha nyumbani.

Kukhu hakunikemea. Alinieleza mambo ya Marafiki wa zamani, na mengine niliyathibitisha baadaye kwa kusoma. Wakweka walianza Uingereza katika karne ya 17, wakati wa mtu anayeitwa George Fox. Enzi hizo mwenye duka alikuwa akitaja bei ya juu, mnunuzi anataja ya chini, na wote wawili wanadanganyana mpaka wakutane katikati. Marafiki walikataa. Walisema kutaja bei ambayo huikusudii ni uongo kama uongo mwingine. Wakaweka bei moja, kwa tajiri na kwa maskini. Mwanzoni walipoteza wateja. Baadaye watu waligundua kwamba hata mtoto mdogo akitumwa dukani kwao hapunjwi. Hata kiapo cha mahakamani walikataa, kwa kuwa mtu akiapa kusema kweli leo ni kama anakiri kwamba siku nyingine husema uongo. Wengi wao walifungwa jela kwa sababu hiyo.

Imani hiyo ililetwa huku kwetu mwaka wa 1902, mwaka mmoja tu baada ya reli kufika Kisumu, na Wamarekani watatu, Arthur Chilson, Willis Hotchkiss na Edgar Hole, waliojenga misheni ya kwanza Kaimosi. Kutoka huko ilienea hadi Bungoma. Leo hakuna nchi duniani yenye Wakweka wengi kuliko Kenya. Hata ule uamsho wa walokole ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ambao ndio uliomfikia Luwum, ulijulikana kwa jambo kama hilo. Watu waliookoka walirudisha vitu walivyoiba na kulipa madeni ya zamani, tena wengine walienda kukiri kwa watu ambao hata hawakujua kwamba wameibiwa. Ni kama Zakayo yule mfupi wa Biblia, aliyeshuka mtini akaahidi kurudisha mara nne. Nilikuwa nimehubiri juu ya Zakayo mara mbili. Sikuwahi kufikiria kwamba hadithi hiyo inahusu pesa.

“Wewe umesema uko tayari kufa,” Kukhu aliniambia. “Hiyo ni vizuri. Lakini kufa ni mara moja, na labda hutaitwa. Kupima ni kila Jumamosi.”

Kisha akaingia ndani akatoka na mkebe. Ulikuwa mzee, rangi yote imeambuka, lakini tako lake lilikuwa sawa kama meza. Akaniambia kwamba kati ya mwaka wa 2006 na 2008, wakati wa vita vya ardhi kule Mlima Elgon vilivyoanzia mambo ya Chebyuk, watu wengi walikimbilia sehemu za chini wakiwa na watoto mgongoni, Wasabaoti na Wabukusu. Yeye aliipokea familia moja ya Kisabaoti wakati majirani wengine wakiwaogopa. Kila jioni alipima chakula kwa mkebe huo, gorogoro moja kwa watoto wake na gorogoro moja kwa wageni.

“Mama yako alikuwa akiniona,” akasema. “Hakuzaliwa na mkebe uliobonyea. Alifika sokoni akakuta mikebe yote iko hivyo, na watoto wanataka kula. Usimhukumu. Mwombe msamaha, halafu umpe hii. Usimwambie aitumie. Mpe tu.”

Nilirudi Kitale siku tatu kabla ya shule kufunguliwa. Njia nzima nilikuwa nimeupakata ule mkebe. Nilimkuta mama uani akifua. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi lakini yote yalipotea. Nikasema tu, “Mama, nilikuaibisha. Na mimi pia nilikuwa napima. Nisamehe.” Mama aliendelea kufua shati lile lile kwa muda mrefu sana. Mwisho akasema, “Umekula?” Nikajua tumeanza kupatana.

Mkebe wa Kukhu aliutazama, akautambua, akaugeuza akapapasa tako lake kwa kidole gumba. Akauweka juu ya kabati. Hakusema kitu.

Jambo gumu zaidi lilikuwa shuleni. Ijumaa ya kwanza nilisimama mahali pale pale nilipokuwa nimetoa lile ombi. Nikawaambia kwamba mwezi wa Juni niliwaomba wamwombee mama yangu, lakini sikuwaambia kwamba mimi nilipima kwa mkebe huo miaka mitatu, na kwamba sikuwa nimezungumza na mama hata mara moja kabla ya kumtangaza, ingawa Yesu alifundisha kwamba ndugu akikukosea umwendee kwanza mkiwa wawili peke yenu. Siku hiyo hakuna aliyepiga makofi. Wengine walicheka chini kwa chini. Jina la Moto liliishia hapo, na siku hizi wachache hunitania kwa kuniita Gorogoro.

Jumamosi ikafika. Mama alikuwa akienda kutafuta mahindi upande wa Endebess. Niliuona mkebe wa zamani na mkebe wa Kukhu, yote miwili iko kwenye kikapu. Nikamwuliza, “Mama, nipime na gani?”

“Si wewe ndiye umeokoka?” akasema akifunga kitambaa chake. “Amua wewe. Lakini ujue hesabu unazifahamu.”

Kweli nilizifahamu. Nilipima kwa mkebe wa Kukhu kutwa nzima. Nilipomaliza gunia nilipata gorogoro 45 kamili, na moyo wangu uliniuma kwa zile tano. Nawaambia ukweli, uliniuma. Msidhani kwamba niliimba. Mama mmoja wa meza ya jirani alinijia akasema, “Wee msichana, ukijifanya malaika hapa sisi wengine tutakula wapi? Unatuharibia soko.” Sikuwa na jibu, kwa sababu naye ana watoto. Mtu anayepima sawa katika soko lililobonyea huwafanya wengine waonekane, hata kama hakukusudia.

Wala sitawadanganya kwamba tulitajirika. Mahubiri mengine husema ukimtii Mungu kwa jambo dogo utabarikiwa kwa gari. Kwetu kilichotokea ni kwamba pesa zilipungua. Muhula huo wa tatu mama hakuweza kumaliza pesa ya chakula changu cha mchana. Nikamwomba aache tu, nikawa nabeba githeri kutoka nyumbani, nikila ikiwa imepoa chini ya mti wakati wenzangu wamepanga foleni. Yule nyanya mkongwe nilimtafuta sokoni Jumamosi nyingi nimrudishie angalau gorogoro nne, lakini sikumwona tena. Bado nikiona leso kama yake huwa nageuka.

Lakini kuna jambo moja. Jioni moja mwezi wa Novemba nilitoka nyuma ya nyumba kuwafungia kuku. Nikaukuta ule mkebe wa zamani umewekwa chini, umejazwa maji, na kuku wanakunywa. Si mimi niliyeuweka. Niliingia ndani, mama akaniambia nipepete mchele, nami nikapepeta. Hatukulizungumzia jambo hilo hata kidogo, na mpaka leo hatujalizungumzia.

Wapenzi wasomaji, hasa nyinyi mlio katika Umoja wa Wakristo, sijaandika haya ili mpunguze bidii. Mimi bado nafika mapema kuomba, bado naimba mpaka koo linakauka. Bidii ni nzuri. Lakini nimejifunza kwamba moyo wote maana yake ni wote, pamoja na sehemu ile inayoshika mkebe Jumamosi wakati mama hayupo. Wewe labda huuzi mahindi. Lakini una karatasi ya mtihani wa mwenzako mbele yako, una chenji uliyozidishiwa na kondakta, una simu ya mtu uliyoiokota, una neno ulilosema juu ya mzazi wako. Hiyo ndiyo gorogoro yako. Igeuze uangalie tako lake.

Na kama una ombi juu ya dhambi ya mtu mwingine, zungumza naye kwanza. Halafu taja na yako. Ndugu zangu, usafi huanzia nyumbani, na kwangu nyumbani ni ndani ya kifua changu mwenyewe.